Vani Isiyo na Madirisha

Mimi silali kwa mkwe. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asije mtu akanikatiza katikati na kuniuliza, "Lakini Mama Mbeyu, si ungelala tu chumba cha wageni?" Chumba cha wageni nakijua. Kina kitanda kipana, kina neti, kina hata picha ya maua ukutani. Lakini paa lililo juu ya kitanda hicho ni la Absalom, na Absalom amemwoa binti yangu. Kwetu Wagiriama mama halazi ubavu wake chini ya paa la mwanamume aliyemwoa mwanawe, na kwao Absalom, huko magharibi, ni vivyo hivyo. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Nimeikuta, ilimpa mama yangu heshima yake, nami inanipa yangu.

Nilikwenda mara moja, miaka minne iliyopita. Nilipanda basi kutoka Mombasa hadi Kitale, nikafika kwa Mbeyu miguu imevimba kama mihogo. Nikala, nikacheka, na jua lilipoanza kushuka nikapakiwa kwenye bodaboda kwenda kulala gesti mjini, kilomita kumi na nane, kwa sababu shamba la Absalom liko peke yake na hakuna jirani wa kunistiri. Chini ya chumba changu palikuwa na baa. Nilisikiliza nyimbo za walevi mpaka alfajiri. Siku ya tatu nikarudi kwangu Kisauni, nikaapa kwamba sitakwenda tena.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, simu ikalia. Mbeyu, aliyekaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto, aliyemeza kila mzizi na kila tembe, alikuwa amejifungua msichana. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama, sijui hata kumshika. Naogopa kumwosha, naona kama ataniponyoka. Njoo unioneshe. Ukae nami mpaka arobaini iishe."

Nilipokata simu nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha nikaingia jikoni nikalia, maana siku arobaini si siku tatu, na gesti ni gesti.

Mume wangu Changawa alikuwa ameketi mlangoni anakunywa chai. Huyu ni mtu wa maneno machache. Alikata mawe ya kujengea kule Mwakirunge tangu ujana wake, na mgongo ulipomkataa akawa dereva wa lori la kuyabeba mawe hayo hayo. Alimaliza chai yake, akakifunika kikombe juu ya sahani.

"Basi twende na nyumba yetu," akasema.

"Nyumba gani?"

"Tununue vani. Ile ya kubebea mizigo. Tuitie kitanda, jiko na pazia, tuiegeshe uani kwake. Utakuwa umelala kwako."

Nilimtazama mtu niliyeishi naye miaka thelathini na minne nikaona kumbe sijammaliza kumjua. Akiba tulikuwa nayo, tuliiweka tujenge vyumba viwili vya kupangisha. Vyumba vingengoja. Mjukuu hangoji, na kila siku iliyopita katika zile arobaini ilikuwa imekwenda na hairudi.

Mtoto alipotimiza siku saba sisi tulikuwa kwenye yadi moja ya magari kule Airport. Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Anwar, shati limepigwa pasi likakaa, na ulimi nao umepigwa pasi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Karibuni, karibuni sana. Leo mmekuja siku yenye heri, wallahi."

"Marahaba. Tunataka vani ya kulala."

Akafurahi. Akatupeleka moja kwa moja kwenye vani ya kijivu yenye vioo pande zote. "Hii ina madirisha sita, mama. Mwaamka asubuhi, mwaiona milima."

"Sitaki kuiona milima, wala sitaki milima inione mimi."

"Lakini mama, watu wote wataka madirisha."

"Mwanangu, mimi nakwenda kulala uani kwa mkwe wangu. Wataka aamke asubuhi kwenda kukama ng'ombe anikute nimelala na shuka limenivuka? Nitafutie iliyo kipofu."

Anwar akaweka mkono kifuani. "Hapo nimekufahamu, mama. Nisamehe."

Akatuonesha nyingine, nyeupe pe, haina dirisha hata moja nyuma. Nikaipenda, sina haya kulisema hilo. Nilivua kandambili, nikapanda, nikalala sakafuni. Nikajinyoosha, nikageuka upande, nikakohoa kidogo nisikie kama sauti inatoka nje. Anwar, mtoto wa watu, aligeuka akawa anatazama ndege inayoshuka uwanjani.

Huko nje nikasikia ko, ko, ko. Changawa alikuwa ameanza.

Hii ndiyo tabia yake. Machimboni jiwe halinunuliwi kwa macho. Unaligonga kwa mpini wa nyundo ukatega sikio: jiwe zima hutoa mlio mwembamba unaokwenda mbali, na jiwe lenye ufa ndani hukohoa. Ameyagonga mawe kwa miaka mingi mpaka sasa anagonga kila kitu, matikiti sokoni, meza za watu, hata goti langu liliposhikwa na baridi. Nimemwonea aibu sehemu nyingi.

Akagonga mlango: ti. Akagonga juu ya gurudumu: ti. Akasogea ubavuni: pu. Akarudia: pu, pu, pu.

"Inakohoa," akasema.

"Mzee, hiyo ni bodi ya Kijapani," Anwar akajibu.

"Pale mlangoni ni Mjapani. Hapa ni pati tupu, ule udongo wa kuzibia mabonde. Iligongwa, ikafinyangwa kama chungu, ikapakwa rangi." Akatoa kipande cha chokaa mfukoni, akachora mstari kuanzia mlangoni hadi taa ya nyuma. "Huu ubavu wote si bati."

Anwar akasogea, akagonga mwenyewe kwa kidole, sikio limegusa gari. Akagonga hapa, akagonga pale. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Wallahi mzee, sikujua. Mie nauza tu. Lakini kuanzia leo kila gari linaloingia hapa nitaligonga."

Wao walicheka, mimi nilikasirika. Sikumkasirikia Anwar, nilimkasirikia mume wangu. Nilikuwa nimeshajiona nimelala mle ndani na mjukuu kifuani.

"Acha ikohoe!" nikamwambia njiani. "Nani amekwambia nataka kuimbiwa?"

"Barabara ya Kitale ina matuta. Hiyo pati itabaki Mtito."

"Nitaikusanya!"

Jioni ile nilimwekea ugali wake mezani bila kumwambia karibu.

Tulizunguka siku kumi zaidi. Vani ya Changamwe ilikuwa na sakafu iliyotoboka hata nikamwona kuku akipita chini. Ya Mikindani ilikuwa imebeba pweza, na nilishuka kabla sijapanda vizuri. Nyingine ililia safi kila mahali, Changawa akafurahi, akalala ndani kuijaribu, miguu yake ikabaki nje mpaka magotini. Kila jioni Mbeyu alipiga simu. Siku moja akasema kitovu kimedondoka.

"Umekizika?"

"Nimekifunga kwenye kitambaa, mama. Nakungojea wewe."

Usingizi haukunijia usiku huo. Nilimwomba Mungu anipe bati lolote lenye magurudumu.

Siku ya kumi na nane tukavuka feri kwenda Likoni. Mtu alikuwa amemwambia Changawa kwamba Mzee Abubakar wa Timbwani, mwenye tanuri la mikate, anauza vani yake kwa kuwa siku hizi anasambaza mikate kwa tuktuk. Tulimkuta barazani, kofia ya vito kichwani, unga umemkalia kwenye nyusi. Alitusalimu kwanza, akatuulizia nyumbani, watoto na afya, akatuletea maji ya kunywa, ndipo akatupeleka nyuma kuiona.

Nilipoiona nilitaka kurudi kivukoni. Rangi yake ilikuwa ya samawati iliyochujuka kama khanga ya zamani. Ubavuni palikuwa na picha ya mkate mkubwa, na mkate ule ulikuwa na macho mawili na meno, unacheka.

"Siendi kwa mkwe nimebebwa na mkate unaokenua meno," nikanong'ona.

Changawa hakusikia, alikuwa ameshaanza. Mlango, ti. Ubavu, ti. Chini karibu na magurudumu, ambako kutu hupenda kujificha, ti. Akazunguka gari zima polepole, na kila alipogonga mlio ulikuwa uleule. Alipomaliza uso wake ulikuwa umekunjuka kama siku Mbeyu alipozaliwa.

"Njoo ugonge," akaniambia.

"Mimi?"

"Njoo."

Nikagonga kwa pete yangu. Mlio ukatoka mwembamba, ukapita chini ya mkono wangu, ukaenda mpaka nyuma ya gari ukarudi. Nikagonga tena mahali pengine. Miaka yote ile nilimwonea mume wangu aibu, kumbe alikuwa anasikia kitu hiki peke yake. Nilimwonea huruma, na nikajionea huruma mwenyewe, kisha nikazunguka gari lote nikigonga kama mtoto aliyepewa ngoma.

Mzee Abubakar akafungua mlango wa nyuma. Ndani hapakuwa na dirisha, palikuwa na rafu mbili za chuma na harufu ya mkate na hiliki iliyokolea kila mahali. Lakini hapakuwa na joto. Nikatazama juu nikaona matundu mawili kwenye paa, kila moja limevishwa kofia ya bati.

"Mkate wa moto wataka pumzi, mama," mzee akasema. "Ukiufungia pasipo hewa wavunda. Nalimleta fundi akatoboa paa, akaweka vifuniko mvua isingie. Ila sitawaficha, matairi yamekwisha, ni vipara kama kichwa changu."

Nikavua kandambili nikalala. Nikaenea, na nafasi ya Changawa ikabaki. Hewa ilinishukia usoni taratibu, na kutoka nje hakuna aliyeniona.

Mzee akauliza tunaipeleka kubeba nini. Nikamweleza yote, mtoto, paa la Absalom, na kitovu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akanisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mie na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, miaka ishirini tulisalimiana mlango ukiwa kati. Na sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule bibi." Akajifuta unga kwenye nyusi. "Ichukueni. Bei nitapunguza. Na hizo rafu bakini nazo, mtaweka nepi."

Changawa akanunua siku ileile. Kuhusu matairi alisema, "Niachie mimi." Siku ya pili vani ikaingia uani Kisauni na matairi manne mapya, meusi yanang'aa, na la tano la akiba. Nikadhani amepata mtu wa bei nafuu. Sikuuliza, nilikuwa nashona pazia.

Seremala wetu, Katana, alitutengenezea kitanda chenye droo chini yake, na meza inayokunjwa. Alitaka kuufuta ule mkate kwa rangi. Alipofika kwenye macho nikamzuia, maana nilikuwa nimeshauzoea, nikaona mtoto ataupenda.

Siku ya ishirini na nne, asubuhi, tulikuwa tumepakia godoro, mtungi wa gesi, nazi thelathini, unga wa mahamri na beseni la kumwoshea mtoto. Nimevaa buibui langu la safari... wacha niseme ukweli, lilikuwa gauni la kanisani. Simu ikalia. Alikuwa Absalom, ambaye hunipigia mara moja kwa mwaka, Krismasi, kwa heshima.

"Shikamoo mama. Nilitaka tu kuwatakia safari njema. Na kama yale matairi yatawasumbua njiani, baba aniambie mapema."

"Matairi gani?"

Akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Niligeuka. Changawa alikuwa anagonga mlango wa gari polepole, bila sababu, na huo ndio mkono wake ukiwa na hatia.

"Baba Mbeyu. Matairi yametoka wapi?"

"Pesa zilipungua," akasema. "Nikampigia. Akatuma siku ileile."

Nilipanda ndani nikashusha mto wangu. Nikashusha godoro peke yangu, nikashusha beseni, nikaketi juu ya ndoo katikati ya ua. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mkwe akinunua nyumba, ni nyumba ya mkwe. Ina magurudumu, ina mkate unaocheka, lakini ni ya mkwe. Ningesafiri karibu kilomita mia tisa kwenda kuvunja mwiko uleule nilioukimbia. Na mtoto alikuwa na siku ishirini na nne, na mama yake anaogopa kumwosha.

Changawa akaja akachuchumaa mbele yangu. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima.

"Hii bodi ni mawe yangu. Kila bati hapa ni jiwe nililolitoa ardhini kwa mkono huu. Absalom hakununua paa. Hakununua sakafu wala kitanda. Alinunua mpira tu, ule unaokanyaga chini."

Nikatazama chini, kwa hasira, ili nisimtazame yeye. Nikaviona viatu vyangu. Vyeusi, vya ngozi, vyenye kisigino kifupi, navivaa kila Jumapili na kila safari. Siku Absalom alipokuja kumaliza mambo ya mahari aliniletea nguo ya mama, kama desturi inavyotaka, na juu ya nguo akaongeza viatu hivi. Wazee walimsifu. Miaka tisa nimevivaa, nimeingia navyo kanisani, sokoni na matangani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninakaa kwa mkwe.

Nikaanza kucheka. Changawa akaogopa, akadhani nimepatwa na jambo.

"Basi nyumba ni yangu," nikasema. "Hayo matairi ni viatu tu alivyoninunulia mkwe."

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Hukufikiri lolote wewe. Pakia godoro."

Safari ilichukua siku tatu, kwa sababu tulisimama kila tulipopenda. Pale Mtito watu watatu walitupungia mkono wakitaka kununua mkate, na mmoja alikasirika kabisa tulipomwambia hatuna. Karibu na Voi tulikuwa tumekwisha kuona tembo, wekundu kwa vumbi. Naivasha nilipika mahamri mlangoni mwa nyumba yangu huku ukungu umetuzunguka, na Changawa akala saba. Mwenzenu nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na sikujua kama nchi hii ni kubwa hivi na nzuri hivi.

Tulifika kwa Absalom mtoto ana siku ishirini na saba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya shamba ni tope tupu, na gari lilichafuka mpaka kwenye meno ya mkate. Absalom alisimama mbali, karibu na zizi, kofia ameivua.

"Shikamoo mama. Karibu nyumbani."

"Marahaba, baba. Nyumbani nimekuja nako."

Mbeyu alikuja mbio na ule mzigo mdogo kifuani. Sitaeleza sana hapo. Nilimpokea mtoto, nikapanda naye ndani, nikaketi juu ya kitanda changu. Alifungua jicho moja akaniangalia kama mtu anayeuliza kwa nini nimechelewa. Jioni tulikizika kitovu chini ya mgomba, mimi na mwanangu. Usiku ule Mbeyu alikataa kurudi nyumbani kwake, akalala kwangu na mtoto, nikabanwa kati ya binti na ukuta, na sijawahi kulala vizuri hivyo.

Asubuhi nilikuwa ndani, maji ya uvuguvugu kwenye beseni, namwonesha Mbeyu jinsi ya kuushika mgongo wa mtoto kwa kiganja. Nikasikia brashi inasugua huko nje. Nikasogeza pazia kidogo.

Absalom alikuwa amechuchumaa na ndoo, anaosha matairi. Matatu yalikuwa yameshang'aa, alikuwa kwenye la nne. Bodi yote ilikuwa bado na tope, lakini hakuitia hata tone la maji. Brashi ikikaribia bati aliinua mkono, akaanza tena chini. Macho yake yalikuwa ardhini, asije akaniona. Changawa alikuwa amemweleza kila kitu.

Nikamimina chai kikombe kikubwa, nikakiweka kwenye kidato cha mlango, nikarudi ndani na kugonga bati mara tatu kwa pete yangu ili ajue.

"Asante, mama," akasema kutoka chini kule. "Niliona viatu vyako vimechafuka njiani."